SOMO LA VIKUNDI: Msichana wa Loresho na Kiwanja cha Shule

Somo hili ni la mikutano miwili. Msijaribu kulimaliza siku moja, hasa ikiwa siku hiyo mna michango ya chama, kwa maana pesa zikishawekwa mezani hakuna anayesikiliza kitu kingine. Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole. Mahali palipoandikwa "Tusimame hapa" asimame kweli, watu waongee. Wasichana wa darasa la sita kwenda juu waalikwe, na wasikae nyuma karibu na mlango. Habari hii ni yao.

Tutazungumza juu ya Angella Okutoyi, mchezaji wa tenisi. Najua kuna wazee watakaouliza: tenisi inatuhusu nini sisi? Pengine mngependa niandike juu ya mpira wa vikapu au voliboli, michezo ambayo mabinti wetu wanaicheza shuleni. Tutafika huko. Lakini nimeanza na huyu kwa sababu alitoka mahali ambapo mtu hatazamii bingwa kutoka, tena katika mchezo ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa matajiri. Kama yeye aliingia, basi tuna haki ya kuuliza ni nani aliyemfungulia mlango, na kwetu sisi mlango huo uko wapi.

TUONE

Kwa wale ambao hawajafika, Westlands ni upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Mabasi ya Nakuru na Kisumu hupita hapo, kwenye Barabara ya Waiyaki. Ukiangalia kwa dirisha utaona maghorofa ya ofisi na hoteli. Lakini ndani ya eneo bunge hilo hilo iko Kangemi, ambako familia hukaa katika chumba kimoja cha mabati, na iko Loresho, ambako nyumba moja ina bustani unayoweza kulima mahindi ya familia mbili. Kila asubuhi watu wanatoka Kangemi kwa miguu kwenda Loresho na Kitisuru: kufua, kupika, kulinda lango, kukata nyasi. Jioni wanarudi. Hao ndio majirani wawili wa Westlands, wanaojuana kwa kazi na si kwa meza.

Hapo Loresho kuna shule ya msingi ya umma. Nyanya yake Angella alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule hiyo. Angella na dada yake pacha walizaliwa tarehe 29 Januari 2004, na mama yao akafariki katika uzazi ule ule. Nyanya akabaki na watoto wawili wachanga.

Mnaijua hali hii. Sijaona jumuiya hata moja katika kazi yangu isiyo na nyanya anayelea wajukuu, na mara nyingi akiitwa mkutanoni anasema hana la kuchangia. Huyu wa Loresho alikuwa na mshahara wa kufagia, na alikuwa na kitu kingine ambacho labda yeye mwenyewe hakukihesabu: alikuwa ndani ya lango la shule. Wajukuu walikuwa naye hapo hapo. Angella alikuwa na umri wa miaka minne hivi alipoanza kushika raketi.

Niseme kidogo juu ya mchezo wenyewe. Tenisi huchezwa kwenye uwanja wenye urefu wa mita 23.77, na upana wa mita 10.97 wakicheza watu wanne. Katikati kuna wavu. Raketi ina nyuzi zinazokatika na lazima zifungwe upya, na mpira wake ukishatumika mechi chache unapoteza nguvu ya kuruka. Kwa hivyo ni mchezo unaokula pesa. Katika Nairobi wakoloni waliuchezea katika vilabu vyao, na hata leo mwingi unachezwa katika vilabu vya wanachama, ambako mtoto wa mfanyakazi anaingia kuokota mipira na si kuipiga.

Basi mtoto wa mfagiaji alijifunza kwenye shule ya umma. Baadaye walimu wa mchezo wakamwona, chama cha tenisi cha Kenya kikamchukua, na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi likamwingiza katika mipango yake ya vijana wa Afrika, ambayo hulipia mafunzo na safari. Nimeandika mambo haya kwa mstari mmoja, lakini ni miaka kama kumi na tatu ya kuamka mapema. Msiiruke.

Mwaka wa 2021 alishinda ubingwa wa Afrika wa vijana huko Sousse, Tunisia. Januari 2022 akaenda Melbourne, Australia, katika mashindano ya vijana ya moja ya yale manne makuu ya tenisi duniani. Akamshinda Federica Urgesi wa Italia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana katika mashindano hayo makuu. Akashinda na ya pili pia, dhidi ya Zara Larke, msichana wa nyumbani pale Australia. Mechi ya tatu alishindwa.

Kisha Julai 2022, akiwa na miaka 18, akaenda Wimbledon, Uingereza. Wimbledon imekuwako tangu 1877, na wachezaji bado wanavaa nyeupe tupu. Alicheza wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Katika fainali walikutana na wasichana wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza Angella na mwenzake walifungwa 3-6. Ya pili wakashinda 6-4. Ya mwisho ilikuwa ya kuamua kwa pointi: anayefika kumi wa kwanza akiwa mbele kwa pointi mbili ndiye mshindi. Walishinda 11-9. Yaani baada ya miaka yote ile, mpira mmoja au miwili tu ndiyo iliyotenganisha furaha na kilio. Hapo akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji katika mashindano yale makuu manne, ingawa ni la vijana.

Kenya nzima ilishangilia. Redio zilimtaja, wakubwa walipiga naye picha. Sisi wafanyakazi wa jamii tuna ugonjwa wa kuuliza swali siku watu wanasherehekea, na swali langu lilikuwa hili: wangapi kati ya wale waliokuwa kwenye picha walikuwako wakati nyanya anashika ufagio?

TUSIMAME HAPA. Kila mmoja ataje mtoto mmoja wa kijiji chenu, msichana, ambaye anafanya jambo vizuri kuliko wenzake: kukimbia, kuimba, hesabu, mpira, kushona. Msitaje jina la mtoto wako mwenyewe. Halafu mseme ni nani mtu mzima wa kwanza aliyeliona jambo hilo, na alifanya nini.

Nimefanya zoezi hili na vikundi vingi. Kawaida majina yanapatikana haraka. Swali la pili ndilo linaloleta ukimya.

BAADA YA PICHA

Watu hupenda kumalizia habari kwenye kombe. Mimi naomba tuendelee, kwa sababu wazazi wengi wanafikiri mtoto akishinda mara moja, umaskini umekwisha.

Tenisi ya watu wazima haina mshahara. Mchezaji anajilipia ndege, chumba, chakula na kocha, anakwenda mji huu wiki hii na mwingine wiki ijayo, na asiposhinda hapati cha maana. Kwa msichana asiye na mali nyumbani, kujitupa huko akiwa na miaka 18 ni kama kukopa shilingi za chama kununua ng'ombe ambaye hujamwona. Mwaka wa 2023 Angella alichukua njia nyingine. Alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani, ambako wanafunzi huichezea timu ya chuo huku wanasoma. Wengine walinung'unika kwamba amepunguza mwendo. Mimi nilifurahi. Goti linaweza kuharibika siku moja, lakini masomo hayavunjiki mfupa.

Na hakuacha kushinda. Machi 2024, huko Accra, Ghana, katika Michezo ya Afrika, alipata dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa kumshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri. Kenya haikuwa imepata dhahabu hiyo tangu 1978. Fikirini: kutoka 1978 hadi 2024, watoto wangapi walizaliwa, wakakua na kuzeeka kidogo katikati hapo.

Ushindi wa Accra ungeweza kumpeleka Olimpiki ya Paris mwaka huo huo. Lakini kanuni ilisema bingwa wa Afrika lazima pia awe ndani ya nafasi 400 za kwanza katika orodha ya dunia kufikia mwezi wa Juni. Nafasi hizo hupatikana kwa kusafiri na kucheza, wiki baada ya wiki. Hakufika hapo, na Paris hakwenda. Wakati huo huo, Victoria Mboko, mmoja wa wale wasichana wawili aliowafunga Wimbledon, binti wa wazazi waliotoka Kongo wakahamia Amerika ya Kaskazini, alikuwa analelewa katika nchi yenye viwanja vya ndani, makocha na bajeti ya safari. Mwaka wa 2025 alishinda mashindano makubwa ya watu wazima pale Montreal. Sisemi mmoja anacheza vizuri kuliko mwingine. Nasema walisimama pande mbili za wavu mmoja, wakaachana kwa pointi mbili, na nyuma yao kulikuwa na nchi mbili zisizolingana.

Na kuna pacha. Yeye pia alicheza tenisi, kwenye kiwanja kile kile, kwa nyanya yule yule. Magazeti huandika mistari kumi juu ya mmoja na nusu mstari juu ya mwingine. Katika familia na katika kikundi hatuwezi kufanya hivyo. Mkimsaidia mtoto mmoja kwa sababu anashinda, jirani yake anajifunza nini juu ya thamani yake mwenyewe? Swali hili nawaachia, tutalirudia kwenye habari ya pesa.

MPIRA WA VIKAPU

Niliahidi. Chukueni Mwadi Mabika, aliyezaliwa Kinshasa mwaka wa 1976. Mwaka wa 1996 alikwenda na timu ya wanawake ya Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta, Marekani. Zaire ilifungwa kila mechi. Kila mechi! Kwa hesabu ya kawaida ile ni safari ya hasara, na nina hakika nyumbani kuna waliosema pesa zimepotea. Lakini Mabika alionekana. Mwaka uliofuata, 1997, ligi ya wanawake ya kulipwa ilipoanza kule Marekani, alikuwa ndani ya timu ya Los Angeles, na mwaka wa 2001 na wa 2002 timu hiyo ikawa bingwa. Kwa hivyo kufungwa si lazima iwe ndiyo mwisho wa habari, mradi umefika mahali ambapo unaweza kuonekana.

Karibu na sisi kuna Madina Okot, msichana mrefu sana wa kutoka Mumias. Alichezea timu ya Chuo Kikuu cha Zetech hapa Kenya, mwaka wa 2024 akaenda Chuo Kikuu cha Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina, moja ya timu zenye nguvu kabisa za vyuo vya wanawake Marekani. Mumias ni nchi ya miwa, si nchi ya maghorofa. Na msichana mrefu kijijini mnajua anavyosumbuliwa: anaitwa mlingoti, anaambiwa hataolewa, anatembea amejikunja ili asionekane. Mahali palipo na ringi ya mpira wa vikapu, urefu ule ule unakuwa zawadi. Ringi yenyewe ni futi kumi kutoka chini. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza, na mlingoti wake ni mti au bomba.

TUAMUE

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike somo hili, na si jambo ninalojivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nahudumia vikundi katika sehemu nyingine ya nchi, kulikuwa na kikundi cha kina mama waliokuwa na akiba nzuri. Binti wa mwanachama mmoja alicheza mpira wa vikapu vizuri sana, akachaguliwa kwenda mashindano ya mkoa. Kikundi kiliombwa kumnunulia viatu na kulipa nauli. Mimi ndiye niliyeandika barua ya harambee. Nilisema "mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote", maneno matamu. Wakachanga. Binti akaenda, na katika mechi ya pili akaruka, akashuka na mguu mmoja, goti likageuka. Kila mtu alifikiri ni kuteguka tu. Akakandwa maji moto, na wiki iliyofuata akawa hawezi kukunja mguu.

Hakuna aliyekuwa amefikiria hospitali. Kikundi kilikuwa kimekwisha toa. Wengine wakasema tumeliwa. Mama yake akaacha kuja mikutanoni kwa aibu. Binti alikaa nyumbani muhula mzima na shuleni hakurudi. Sitataja mahali. Lakini ile barua bado naikumbuka, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika juu ya viatu bila kuandika neno moja juu ya magoti na karo.

Tulikosea wapi? Nimeongea na wengi tangu wakati huo, na maoni yangu ni haya, mnaweza kuyapinga.

Tuliweka pesa za wengi juu ya mguu wa mmoja. Kikundi cha kujisaidia si kampuni ya kubahatisha. Akiba ya kina mama ni ya ugonjwa, mbegu na karo, na ikitolewa kwa bingwa mmoja, siku akianguka wote wanaanguka naye, na yeye anabeba lawama ambayo mtoto hastahili kubeba. Lakini sikubaliani pia na wale wanaosema basi michezo iachiwe serikali. Kuna njia ya katikati, nayo ni kufungua kiwanja ambacho wasichana wote wanakitumia, pacha wote wawili, na wale warefu na wale wafupi. Anayekuwa bingwa atatoka humo, na wasiokuwa mabingwa watakuwa wamepata afya, marafiki na sauti. Nyanya wa Loresho hakununuliwa bingwa. Kilichokuwako ni mahali, na mahali hapo mjukuu wake hakufukuzwa.

Juu ya magoti nataka niseme waziwazi. Madaktari wa michezo wameona kwamba katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, kama mpira wa vikapu, wasichana huumia ile kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Lakini hatari hiyo inaweza kupunguzwa bila pesa. Kabla ya kucheza, wapashe mwili dakika kumi na tano au ishirini: kukimbia polepole, kuchuchumaa na kusimama, kuruka na kushuka kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na yakielekea mbele, yasiangukie ndani. Wafanye hivyo kila siku ya mazoezi, hata kama mwalimu ana haraka. Na goti likivimba baada ya kugeuka, mchezo umekwisha siku hiyo: apumzishwe, awekewe kitu baridi, apelekwe kwa daktari. Asikandwe maji moto na asivutwe na mtu yeyote, hata awe fundi wa mifupa wa kijiji.

TUSIMAME HAPA. Someni Yohane sura ya 6, mstari wa 1 hadi 15. Mtoto alikuwa na chakula kidogo. Nani alimwona? Nani alisema hakitoshi? Je, kwenu ni nani husema "haitoshi" mara kwa mara, na je, wakati mwingine ana haki?

KIWANJA CHENYEWE

Rudini nami Westlands kidogo. Tarehe 27 Novemba 2015 marehemu Papa Fransisko alifika Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mwendo wa miguu tu kutoka Loresho. Nilitazamia azungumze juu ya sala na subira. Alizungumza, lakini pia alizungumza juu ya maji, vyoo na ardhi, na akawataja wale wanaojificha nyuma ya jina la ujenzi na kujaribu kunyakua hata viwanja vya michezo vya shule za watoto. Kila mtu pale alijua anasema nini. Mwaka huo huo, tarehe 19 Januari, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta ukuta umejengwa kwenye uwanja wao. Walipousukuma, polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi. Watoto wa sare za shule! Baada ya kelele za nchi nzima uwanja ulirudishwa, na serikali ikatangaza kwamba shule za umma zipewe hati za ardhi zao.

Na msidhani unyakuzi ni wa Nairobi peke yake. Kijijini hauji na ukuta. Unakuja na mstari mmoja wa mahindi. Jirani analima hadi kwenye jiwe la mpaka, mwaka unaofuata jiwe halionekani, na mwaka wa tatu ni goli ndilo lililosogezwa. Au kanisa letu wenyewe linajenga nyumba ya katekista kwenye kona ya uwanja kwa sababu "ni ya muda". Nimeona hiyo pia, na nilinyamaza.

Bila uwanja, Angella angekuwa mtoto anayemsubiri nyanya yake amalize kufagia. Ndiyo sababu nasema kazi ya kwanza ya kikundi, kabla ya viatu, kabla ya mipira, kabla ya kutafuta mfadhili, ni kujua uwanja wa shule yenu ni wa nani kwenye karatasi.

TUTENDE

Tumeni watu watatu, mmoja wao mama, kwa mwalimu mkuu. Waende kwa heshima na si kama wapelelezi. Waulize: shule ina hati ya ardhi? Kama haina, kuna barua ya kupewa ardhi, au ramani ya mpimaji? Halmashauri ya shule imewahi kulijadili jambo hili, na liliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano? Mwalimu mkuu akisema hajui, msimlaumu. Wengi huhamishwa kila mara na hukuta faili tupu. Ofisi ya ardhi ya kaunti inaweza kupekua rekodi kwa ada, na pakiwa na mgogoro iko Tume ya Taifa ya Ardhi. Mwombe halmashauri ya shule ndiyo iandike barua, kwa maana shule ndiyo mwenye haki. Ninyi ni majirani wanaosukuma.

Kama kikundi chenu bado hakijaandikishwa, kamilisheni hilo kwanza. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi na viongozi waliochaguliwa. Barua ya kikundi kisicho na cheti huwekwa chini ya faili na kubaki hapo.

Baada ya hapo ongeeni juu ya saa. Hili wanaume hulisahau. Uwanja unaweza kuwa wazi na wasichana wasiwe na saa ya kuufikia: saa kumi wavulana wako uwanjani, wasichana wako mtoni na kwa kuni. Kubalianeni siku mbili kwa wiki ambazo uwanja ni wa wasichana hadi saa kumi na mbili kasorobo, na siku hizo maji yachotwe na kaka zao. Akina baba wataje kwa midomo yao wenyewe, mbele ya wote, ni mtoto gani wa kiume atakayechota. Pawepo na mama wawili wanaokaa pale, kwa zamu, kazi ya kusuka ikiwa mkononi, kwa sababu za usalama ambazo sina haja ya kuzieleza. Kocha mwanamume asibaki peke yake na wasichana, hata akiwa mtu wa kanisa. Na pawe na mahali pa kujisitiri na sodo kidogo kwenye boksi. Wasichana wengi hawaachi mchezo kwa kuchoka, wanaacha kwa aibu ya siku tatu kila mwezi.

Akija mtu anayesema ana nafasi za masomo Ulaya au Marekani kwa wachezaji, na anataka pesa kwanza au pasipoti ya mtoto, mpelekeni kwa mwalimu mkuu na kwa chifu siku hiyo hiyo. Chuo cha kweli kina barua, jina na ofisi, na mnaweza kukiandikia wenyewe.

Kwa mkutano wa pili tutapima. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, wa mpira wa vikapu ni mita 28 kwa 15, na wa netiboli ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Leteni kamba ndefu mliyoitia fundo kila mita moja, jembe, majivu ya kuchorea, na mzee mmoja anayekumbuka mawe ya mpaka yalikuwa wapi kabla mahindi hayajafika.